Jinsi ya kusoma picha ya kuchorwa ya afisa wa manowari na kufuatilia kazi yake: mwongozo kamili

Picha ya rangi ya afisa wa jeshi la majini ilitengenezwa kwa siku nyingi, pengine kwa miaka, na kila aliyehusika alikuwa na lake: afisa alitaka cheo chake kionekane, mchoraji alitaka sifa, na mlipaji alitaka kitu cha kutundika ukutani ambacho wageni watakiulizia. Kwa hiyo usiitazame kama picha ya pasipoti. Ichukue kama hati yenye matabaka, kisha ulinganishe kila tabaka na karatasi za kazi yake. Pale rangi na karatasi zinapopishana ndipo penye habari.

Mfano wangu mkuu ni picha ya Horatio Nelson, afisa maarufu wa majini wa Uingereza, iliyochorwa na John Francis Rigaud. Ipo kwenye National Maritime Museum, Greenwich, London, kwa namba BHC2901, na unaweza kuitazama kwenye tovuti ya makumbusho hayo bila kulipa. Nelson ana picha nyingi zinazojulikana zaidi ya hii. Nimeichagua kwa sababu ilianzwa mwaka 1777 akiwa luteni wa miaka 18, ikamalizwa 1781 akiwa kapteni wa miaka 22. Turubai, yaani kitambaa cha kuchorea, ni moja; vyeo ni viwili.

Unachohitaji ni skrini inayokuza picha vizuri (simu ndogo itakuchosha), daftari na subira. Gawa ukurasa wa daftari kwa mstari wa katikati. Kushoto andika jicho linachoona, kulia andika maandishi yanachosema. Usiruhusu pande hizo mbili zichanganyike hadi mwisho, maana ukishajua jina la mtu, jicho huanza kuona lile linalotarajia.

Hatua ya 1: Anza na kipimo, acha jina

Ziba maelezo yaliyo pembeni mwa picha. Hata jina lililoandikwa kwenye rangi yenyewe usiliamini haraka, kwa sababu majina na vyeo vingi viliongezwa na warithi miaka mingi baadaye, wakampa babu yao cheo cha mwisho alichofikia. Ndiyo maana utamkuta kijana wa sura changa ameandikwa "Admirali".

Kisha angalia vipimo. Wachoraji wa London wa karne ya 18 walitumia turubai za ukubwa unaojulikana, na kila ukubwa ulikuwa na bei yake. Kichwa na mabega vilitosha kwenye sentimita 76 kwa 63. Picha inayofika mapajani ilikuwa 127 kwa 102 hivi. Mtu mzima kutoka kofia hadi viatu alihitaji kama 239 kwa 147. Picha ya Rigaud ni ya ukubwa wa kati. Kwa luteni asiye na mali wala vita vya kujivunia, hiyo ni turubai kubwa. Andika swali hilo upande wa kushoto: nani alilipa? Tutalirudia.

Hatua ya 2: Soma koti kama unavyosoma tarehe

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu. Maafisa wa jeshi la majini la Uingereza hawakuwa na sare rasmi kabla ya 1748. Mabaharia wa kawaida walisubiri hadi 1857. Tangu 1748 kanuni za maafisa zilibadilishwa mara kwa mara, na kila badiliko ni alama ya kukadiria mwaka.

Anzia mabegani. Vishada vya nyuzi za dhahabu, yaani epoleti, viliingia kwenye kanuni mwaka 1795. Kapteni aliyetimiza miaka mitatu cheoni alivaa viwili. Ambaye hajatimiza alivaa kimoja, bega la kulia. Kamanda naye alivaa kimoja, lakini bega la kushoto. Maadmirali waliwekewa nyota juu ya vishada vyao: moja kwa daraja la chini, mbili kwa la kati, tatu kwa admirali kamili. Mwaka 1812 mambo yaligeuka tena. Luteni naye akapewa kishada kimoja, na kapteni akawekewa nanga, au nanga pamoja na taji akitimiza miaka mitatu. Kwa hiyo kishada kimoja bega la kulia kinaweza kuwa cha kapteni mpya wa 1800 au cha luteni wa 1815. Ukikosea mwaka, umekosea na cheo.

Shuka kwenye kola na kafu, yaani ncha za mikono ya koti. Rangi nyekundu mahali ambapo ungetarajia nyeupe inakuambia ni kati ya 1830 na 1843, enzi ilipoamriwa na Mfalme William wa Nne na kisha kuondolewa. Pete za utepe wa dhahabu kwenye mkono wa koti zenye kitanzi juu ya pete ya mwisho ni za 1856 na kuendelea, na hadi leo majeshi mengi ya majini yaliyofuata desturi ya Uingereza yanazivaa, likiwemo la Kenya. Ukiona kitanzi hicho kwenye picha inayodaiwa kuwa ya 1800, picha hiyo ni ya kutiliwa shaka.

Nelson wa Rigaud hana epoleti, na hilo ni sawa, kwani bado hazijaamriwa. Amevaa koti la bluu lenye nyeupe na utepe wa dhahabu, sare ya kapteni ya wakati wake.

Kanuni ya koti ni rahisi kuikumbuka lakini watu huitumia vibaya. Koti linakwambia picha si ya kabla ya mwaka fulani. Halikwambii si ya baada yake. Afisa aliyestaafu aliweza kuvaa koti lake la zamani, na mara nyingi koti liliachwa kwa mchoraji huku mwenyewe akija kukaa kwa ajili ya uso tu. Uso na koti vinaweza kuwa vya siku mbili tofauti kabisa.

Hatua ya 3: Tafuta rangi iliyo chini ya rangi

Kuza picha kwenye kafu, kwenye ukingo wa bega, kuzunguka mikono na kofia. Rangi ya mafuta inapozeeka huanza kupenyeza mwanga, na kile mchoraji alichokifunika huanza kuchungulia: mstari usio na kazi, kivuli kisichokuwa na mwenyewe, mkono wa koti unaoonekana kama una kingo mbili.

Kwa Rigaud hilo ndilo lililotokea. Nelson alikaa kwa mchoraji mwaka 1777, kisha meli yake ikaelekea Jamaika kabla ya picha kuisha. Aliporudi tayari alikuwa kapteni. Rigaud hakuanza upya. Alizibadilisha kafu za luteni zikawa za kapteni, akaufanyia kazi uso upya, akaongeza mandhari nyuma. Mabadiliko ya kafu yanaonekana hata kwa macho, na eksirei imeonyesha uso wa mwanzo, wa kijana aliyenenepa kidogo kuliko huyu tunayemwona.

Eksirei inafanya kazi hapa kwa sababu weupe wa wachoraji wa zamani ulitokana na madini ya risasi, na risasi huzuia miale. Kila palipopakwa nyeupe panang'aa kwenye picha ya eksirei, hata kama pamefunikwa na rangi nyingine. Sare za majini zina nyeupe nyingi, kwa hiyo husomeka vizuri. Huna haja ya mashine. Makumbusho makubwa huandika matokeo ya uchunguzi huo kwenye maelezo ya picha, na ukiuliza kwa barua pepe yenye namba ya picha na swali moja mahususi, una nafasi nzuri ya kujibiwa. Ukituma maswali kumi kwa pamoja, usishangae kukaa kimya kwao.

Hatua ya 4: Nishani, na kile kilichopakwa kwa kusikia

Nishani ya dhahabu ya jeshi la majini la Uingereza ilianzishwa 1794, kubwa kwa maadmirali na ndogo kwa makapteni. Nishani ya fedha ya utumishi wa jumla iliidhinishwa 1847 tu, ingawa ilihesabu vita vya tangu 1793. Tena walipewa waliokuwa bado hai. Mzee wa miaka 70 aliyevaa nishani hiyo anaonyesha vita alivyopigana akiwa mtoto melini.

Majeraha nayo ni tarehe. Nelson alipoteza mkono wa kulia vitani kisiwani Tenerife mwezi Julai 1797, kwa hiyo picha inayomwonyesha na mkono mtupu wa koti haiwezi kuwa imekamilika kabla ya hapo. Jicho ni habari nyingine. Aliumia jicho la kulia kwenye mapigano ya Calvi, Korsika, mwaka 1794 na kulipoteza uwezo wake wa kuona, lakini kwa nje halikuharibika sana, wala hakuvaa kile kitambaa cheusi ambacho watu humbandika nacho. Ukikiona, unatazama ndoto ya mtu wa baadaye.

Mchoraji Lemuel Francis Abbott alimchora Nelson mwishoni mwa 1797, kisha akaendelea kuitoa picha hiyo kwa nakala nyingi. Baada ya ushindi wake katika vita vya majini vya Nile mwaka 1798, Sultani Selim wa Tatu wa dola ya Osmani alimtunuku Nelson pambo la almasi la kuvaa kwenye kofia. Abbott akaliongeza kwenye picha ya baadaye, bila kuwa ameliona. Alipaka alichosimuliwa. Pambo lenyewe liliibwa makumbushoni mwaka 1951 na halijapatikana, kwa hiyo anayetegemea rangi ya Abbott kujua lilivyokuwa ameegemea masimulizi.

Hatua ya 5: Geukia mandhari ya nyuma

Meli, ngome au pwani iliyo nyuma ya bega la afisa haikuwekwa kwa urembo. Ni tukio ambalo alitaka akumbukwe kwalo.

Kama kuna meli, tafuta bendera. Hadi 1864 meli za Uingereza zilipeperusha tezini, yaani nyuma ya meli, bendera nyekundu, nyeupe au bluu kulingana na kikosi. Ile bendera ya muungano wa Uingereza iliyo kwenye kona yake ilibadilika 1 Januari 1801, ulipoongezwa msalaba mwekundu wa mshazari wa Ireland. Tena bendera ya admirali inasema daraja lake kwa mahali ilipo: mlingoti mkuu ni admirali kamili, mlingoti wa mbele ni daraja la kati, mlingoti wa galme, ule wa nyuma, ni daraja la chini. Mchoraji wa nchi kavu aliweza kukosea kamba na matanga, lakini afisa aliyelipa fedha yake hakukubali bendera yake iwekwe mlingoti usio wake.

Nyuma ya Nelson wa Rigaud kuna ngome: San Juan, kwenye mto wa jina hilo, Nikaragua. Mwaka 1780 Waingereza walipanda mto huo kuishambulia Hispania, na Nelson, kapteni wa meli Hinchinbrook, alikwenda nao mbali kuliko alivyoamriwa, akashiriki kuizingira ngome. Ukitazama picha utadhani aliiteka. Lakini ngome ilijisalimisha 29 Aprili 1780, na yeye alikuwa ameshaondoka akiwa mgonjwa, ameitwa kushika meli nyingine ambayo hakuwahi kuiongoza sawasawa kwa sababu ya homa. Watu wengi wa msafara huo walikufa kwa maradhi na mji uliolengwa haukutekwa. Hakuna hata tone la homa kwenye rangi. Kijana amesimama, mikono juu ya upanga, mzima kama chuma.

Mchoraji Joshua Reynolds alifanya jambo la aina hiyo kwa kapteni Augustus Keppel mwaka 1752 na 1753. Keppel anatembea ufukweni kwa mwendo wa shujaa, mkono mbele, bahari imechafuka nyuma yake. Tukio lenyewe ni kupotea kwa meli yake Maidstone mwaka 1747, iliyopanda mwamba pwani ya Ufaransa ikifukuza adui. Baraza la kijeshi lilimwachia, na mchoraji akaigeuza ajali kuwa utukufu. Picha hiyo ndiyo iliyompa Reynolds jina.

Hatua ya 6: Jenga kazi yake kwa karatasi

Sasa ondoa kiziba kwenye jina na uanze upande wa kulia wa daftari. Kwa afisa wa Uingereza fuata mpangilio huu.

Anza na cheti cha kufaulu mtihani wa uluteni. Viko National Archives, hifadhi ya nyaraka za taifa, Kew, London, kwenye mfululizo wa ADM 107. Kisha tafuta tarehe ya ukapteni, ambayo ndiyo tarehe muhimu kuliko zote, kwa sababu baada ya hapo mtu alipanda kwa zamu: waliomtangulia wakifa au wakipanda, naye anasogea. Nelson akawa kapteni 11 Juni 1779, akasubiri hadi 20 Februari 1797 kuwa admirali wa daraja la chini, bila njia ya mkato licha ya umaarufu wake. Tarehe za namna hii zinapatikana kwenye Navy List, orodha ya maafisa wa majini iliyochapishwa rasmi tangu 1814, na kwenye London Gazette, gazeti rasmi la serikali, ambayo inasomeka mtandaoni bure. Kwa waliotumikia karne ya 19, rekodi za utumishi ziko ADM 196, na nyingi zinapakuliwa kwa malipo. Ukitaka kujua meli ilikuwa wapi siku fulani, daftari za safari za makapteni ziko ADM 51.

Halafu tafuta miaka aliyokuwa nchi kavu. Hatua hii inarukwa sana. Afisa hukaa kwa mchoraji meli ikiwa bandarini, au akiwa hana meli na analipwa nusu mshahara kama Nelson kati ya 1787 na 1793. Pangilia vipindi vya nchi kavu, kisha uulize ni kipi kinaendana na koti. Mara nyingi hubaki kimoja tu. Kwa Rigaud vinabaki viwili: wiki chache za 1777 kabla ya meli yake Lowestoffe kuondoka, na miezi ya 1781 alipokuwa akijiuguza mjini Bath, Uingereza, kabla ya kupewa meli Albemarle mwezi Agosti.

Karatasi nazo zichunguze. Nelson alifanya mtihani wa uluteni 9 Aprili 1777. Kanuni ilitaka miaka 20, naye alikuwa na 18 na miezi kadhaa. Cheti kinasema anaonekana kuzidi miaka 20. Mkuu wa jopo la watahini alikuwa mjomba wake, Maurice Suckling. Ndiyo maana nasema linganisha. Safari hii rangi ya 1777, ule uso wa kitoto uliofichwa chini, ilikuwa mkweli kuliko karatasi.

Hatua ya 7: Mtafute mlipaji

Picha ya Rigaud iliagizwa na William Locker, kapteni wa Lowestoffe, aliyempenda luteni wake kijana kama mwanawe na aliyependa kukusanya picha za maafisa waliopitia mikononi mwake. Locker huyo baadaye akawa naibu gavana wa hospitali ya mabaharia Greenwich, na wazo lake la kuweka hapo ukumbi wa picha za majini likatimizwa na mwanawe. Sasa ukubwa wa turubai umeeleweka. Luteni hakujitundika mwenyewe. Mkubwa wake ndiye aliyemtundika.

Ukimjua mlipaji, barua hufuata. Mwezi Februari 1781 Nelson alimwandikia Locker kutoka Bath kwamba picha haitafanana hata kidogo na alivyo sasa, lakini Rigaud akiongeza uzuri kidogo itakuwa nafuu. Ni mzaha wa mtu aliyetoka kuugua, na ni ushahidi bora kuliko eksirei: mwenye uso anakiri kwamba uso si wake tena.

Hatua ya 8: Afisa asiye na sare

Hatua ya 2 haifai kitu kwa mtu ambaye dola yake haikuandika vyeo mkononi mwa koti. Mfano wa kwetu ni Ahmad bin Na'aman al-Kaabi, katibu wa Sayyid Said bin Sultan, aliyeongoza merikebu Sultana kutoka Zanzibar hadi New York, akatia nanga 30 Aprili 1840. Alikuwa mjumbe na mkuu wa safari kwa pamoja. Huko Marekani alichorwa na Edward Mooney, na picha hiyo imehifadhiwa Peabody Essex Museum, Salem, mji ambao wafanyabiashara wake walizifahamu pembe na sandarusi za Zanzibar vizuri sana.

Ukimtazama utaona kilemba na mavazi ya heshima ya Kiarabu, na utashawishika kumpa cheo: admirali, kapteni, balozi. Jizuie. Kilemba kinaonyesha hadhi na asili, hakihesabu miaka cheoni. Kazi yake itafute kwenye mkataba wa biashara wa 1833 kati ya Sayyid Said na Marekani, kwenye magazeti ya New York ya miezi ile, kwenye orodha ya shehena na zawadi alizompelekea Rais Martin Van Buren, na kwenye kumbukumbu za jeshi la majini la Marekani, ambalo liliitengeneza Sultana kabla haijarudi. Mlipaji muulize kwa ukali zaidi. Mchoraji alikuwa mgeni kwake, jiji lilikuwa limejaa watu wanaotaka kumwona Mwarabu, na picha ya namna hiyo hueleza macho ya watazamaji kama inavyomweleza aliyekaa.

Hatua ya 9: Andika maelezo ya picha

Sasa unganisha pande mbili za daftari kwa maneno yasiyozidi 60. Weka jina na cheo cha wakati ule, si cha mwisho. Taja mwaka wa kuanza na wa kumaliza kama picha haikumalizwa mwaka uleule. Mtaje mlipaji. Kama mandhari inadai zaidi ya ilivyotokea, sema hivyo waziwazi. Kwa picha yetu ingekuwa hivi:

Kapteni Horatio Nelson (1758–1805). John Francis Rigaud, rangi ya mafuta juu ya turubai. Ilianzwa 1777, ikamalizwa 1781. Iliagizwa na Kapteni William Locker. Sare ya kapteni imepakwa juu ya sare ya luteni, na uso umechorwa upya. Nyuma ni ngome ya San Juan, Nikaragua. Nelson alishiriki kuizingira, hakuwepo ilipojisalimisha.